Kutoka Ramli hadi Kwizi: Tarehe Fupi ya Kupimwa Nyota Dar es Salaam

Miongoni mwa mambo yanayozipitisha jioni za vijana wa Kinondoni na Temeke siku hizi, kazi inapokwisha na bando la intaneti likiwa lingali na salio, kuna mchezo mmoja ambao mzee asiyeujua angeudhania kuwa ni mtihani wa chuo kikuu. Simu humwuliza mtu maswali kumi au ishirini juu ya haki, mauti, furaha, uhuru wa kutenda na wajibu wa mtu kwa jirani yake; naye akishagusa majibu yake yote kwa kidole, simu humhukumia kwamba fikira zake zimelandana na fikira za Kant kwa sehemu themanini katika mia, na za Aristotle kwa sehemu sabini, na za Nietzsche kwa sehemu chache, ambazo mwenyewe angetamani zingekuwa nyingi zaidi. Hukumu hiyo hupigwa picha ikapelekewa marafiki, na ubishi ukaendelea kijiweni mpaka usiku. Wazazi wengi huuhesabu mchezo huo kuwa ni upuuzi mpya uliokuja pamoja na simu. Upuuzi huenda ukawa; upya hauna. Katika baraza za Magomeni, Keko, Tandika na Mtoni watu wamekuwa wakienda, tangu mitaa hiyo ilipokuwa michanga, kuulizwa maneno machache na mtu wasiyemjua, kisha wakaambiwa wao ni wa daraja gani katika madaraja yaliyokwisha pangwa zamani; na mwenye kutaka kuifahamu kwizi ya wanafalsafa hana budi kwanza apite kwa maalimu wa falaki.

Watu wa Mrima na wa visiwani walilitumia jina la falaki kwa elimu mbili zilizokaa nyumba moja. Ya kwanza ni hesabu ya nyakati za sala, miandamo ya mwezi na misimu ya bahari, elimu ambayo hakuna mwanachuoni aliyeitilia shaka. Na ya pili ni unajimu, yaani kuisoma tabia ya mtu na majaaliwa yake katika nyota, ambao mashekhe wengi waliukemea mimbarini, na baadhi ya waliosikia makemeo hayo, walipotoka msikitini, wakapita kwa maalimu njiani. Vitabu vya elimu hii ya pili vilinasibishwa aghalabu na Abu Ma'shar wa Balkh, mnajimu aliyepata sifa yake Baghdad na kufariki mwaka 886, ingawa mikono mingi ilikwisha viongeza na kuvipunguza kabla havijafika kwetu.

Mtu aliyefika barazani hakuulizwa tarehe ya kuzaliwa, ambayo mara nyingi hakuwa nayo. Aliulizwa jina lake na jina la mama yake. La mama, wasema wenyewe wenye elimu hiyo, kwa kuwa uzazi wa mama una mashahidi, na wa baba una imani tu. Kisha kila herufi ya majina hayo, yakiandikwa kwa Kiarabu, hupewa thamani yake katika hesabu ya abjadi, alifu ikawa 1, be 2, jimu 3, na kuendelea mpaka ghaini ambayo ni 1,000. Tuseme aliyekuja ni Ali: aini ni 70, lamu 30, ye 10, jumla 110. Mama yake akiwa Zainabu, ze ni 7, ye 10, nuni 50, be 2, jumla 69. Zikiunganishwa hupatikana 179. Hapo hutupwa kumi na mbili kumi na mbili mpaka ibaki idadi isiyotupika tena, nayo ni 11, na katika buruji kumi na mbili za nyota, ya kumi na moja ni Dalu, yaani Ndoo. Ali wa nyumba ya pili, ambaye mama yake ni Mariamu, hesabu yake hufika 400, mabaki yake ni 4, naye ni wa Saratani, yaani Kaa. Basi wavulana wawili wenye jina moja, waliocheza chandimu katika kiwanja kimoja, walitoka kwa maalimu yuleyule, mmoja ni wa upepo na mwingine ni wa maji, na kila mmoja amepewa siku yake njema, rangi yake, jiwe la pete yake, maradhi ya kujihadhari nayo, na sadaka ya kutoa.

Hiyo sadaka ndiyo naiona kuwa ni kiini cha jambo lote, nami nitairudia. Mtu hakuambiwa tu yeye ni nani. Aliambiwa afanye nini. Kafara ya kuku mweupe, mkate wa mofa kwa watoto wa chuoni, kisomo, kombe la kunywa siku saba: kila hukumu ilikuwa na mzigo wake, na aliyeukataa mzigo hakuwa na haki ya kuisifia hukumu.

Ramli ni jirani wa falaki lakini si ndugu yake wa tumbo moja. Hapa nyota haihitajiki. Mkono hupiga vidoto katika mchanga, au katika ubao uliotandazwa mchanga, au baadaye katika karatasi, upesi na bila kuhesabu. Halafu vidoto vya kila mstari hufutwa viwili viwili, mpaka ibaki nukta moja au nukta mbili, witiri au shufwa. Mistari minne hufanya umbo moja, na kwa kuwa kila mstari una hali mbili tu, maumbo yote yawezayo kupatikana ni 16, si zaidi wala si pungufu. Maumbo manne ya kwanza huitwa mama, nayo huzaa manne ya mabinti, na hao huzaa wengine, mpaka linapatikana la kumi na tano ambalo ni hakimu, na la kumi na sita la kumalizia. Msomaji na aitie akilini idadi hiyo ya kumi na sita inayozaliwa na mambo manne ya ndiyo au siyo, kwani tutakutana nayo tena mbali sana na Tandika.

Kwamba mambo haya yalikuwa ya kawaida katika Mrima kabla ya utawala wa Waingereza twaujua ushahidi wake kwa kalamu ya mwenyeji. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, aliandika habari za desturi za watu wake, zikapigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na humo uganga na utazamiaji vimewekwa kando ya harusi, jando na biashara, pasipo kuonewa haya wala kutukuzwa. Dar es Salaam yenyewe, iliyoanzishwa na Sayyid Majid katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, ilirithi maalimu wake kutoka Bagamoyo, Kilwa, Unguja na Bara Hindi, na waganga wake kutoka kwa Wazaramo walioizunguka. Na baada ya muda haikuwa rahisi kusema elimu ipi imetoka kwa nani, maana mganga wa Kizaramo wa Mbagala alikuwa na kitabu cha Kiarabu juu ya rafu, na maalimu wa Kariakoo alikuwa na mizizi ya Kisarawe ndani ya kasha.

Lakini kupimwa nyota hakukuwa desturi kubwa ya mji kwa sababu ya vitabu. Kulikua kwa sababu ya watu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilipima viwanja na kupanga mitaa mipya ya Waafrika nje ya Kariakoo na Ilala, na katika miaka ya 1950 Magomeni, Kinondoni na Temeke zikajaa wageni kutoka Rufiji, Mahenge, Songea, Tabora na Kigoma. Mwalimu Nyerere mwenyewe, baada ya kuacha ualimu kwa ajili ya siasa, alikaa Magomeni, na nyumba yake ingaliko. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliukuta mji una watu 272,000 na ushei. Ya mwaka 2022 ikaukuta na zaidi ya milioni tano na laki tatu. Katika kijiji mtu alijulikana ni mjukuu wa nani, mwiko wake nini, na watani wake akina nani. Hapa, katika chumba cha kupanga cha nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na lugha sita, hapakuwa na mzee wa kumwambia hayo. Kabila lilimsaidia kwa mazishi na kwa utani; ila buruji ilimpa nasaba nyingine isiyouliza kabila, kiasi cha kwamba Mngoni na Mmanyema waliweza kuwa wote wa Asadi, yaani Simba, nao wakajiona wana tabia moja. Naamini hii ndiyo sababu ya falaki kustawi zaidi pembezoni mwa mji kuliko katika vijiji ilikopita njiani.

Serikali haikuipenda. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliutaja uchawi kwa mapana, hata kudai tu kuwa na ujuzi wa mambo ya ghaibu kukaweza kuingia humo, na kwa maandishi yake maalimu mwenye kupiga hesabu ya abjadi barazani hakuwa mbali na mlango wa mahakama. Kwa kweli ni nadra mno mpimaji wa nyota kusumbuliwa kwa sababu ya nyota. Lililoogopwa ni ramli yenye kutaja jina la mbaya wa mtu. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, hasa ile ambayo watu wameipa jina la ramli chonganishi, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino.

Aliyeitoa elimu hii barazani akaifikisha redioni na magazetini ni Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni. Walikuwako wengine kabla yake na pamoja naye, lakini hakuna aliyejulikana kama yeye kutoka Mombasa hadi Kigoma. Na jina lake likawa ni kipimo, hata mtu aliyekisia matokeo ya mpira akapatia aliulizwa kwa utani kama amekuwa Sheikh Yahya. Alipima nyota za wateja wake mmoja mmoja kama walivyofanya waliomtangulia, walakini alizitabiria pia dola, chaguzi na mwaka mzima unaokuja. Uchaguzi wa mwaka 2010 ulipokaribia alitangaza kwamba mwanachama wa CCM atakayesimama kushindana na Rais Kikwete katika uteuzi wa chama atakufa ghafla, maneno yaliyozua makelele nchi nzima. Na mwaka huohuo, Rais alipoishiwa nguvu jukwaani katika viwanja vya Jangwani, akatangaza kumpa ulinzi usioonekana kwa macho. Alifariki tarehe 20 Mei 2011. Mtu anaweza kumkataa asilani, na wako mashekhe waliomkataa hadharani, lakini hawezi kuandika tarehe ya fikira za watu wa Dar es Salaam katika nusu ya pili ya karne ya ishirini akamruka.

Magazeti, nayo, yaliibadili elimu yenyewe kwa namna ambayo wachache waliigundua. Safu ya nyota gazetini ni uzushi wa London: mwaka 1930 R. H. Naylor aliandikia gazeti la Sunday Express utabiri wa binti wa kifalme aliyezaliwa, wasomaji wakaupenda, na ikazaliwa desturi ya kuwagawa watu wote kwa tarehe za kuzaliwa. Desturi hiyo ilipoingia katika magazeti yetu ya Kiswahili, ambayo yaliongezeka mno tangu miaka ya 1990, jina la mama likaondoka, maalimu akaondoka, na kafara ikaondoka. Ikabaki tarehe, na mzee aliyejua tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa akawa hana nyota. Huu ndio wakati ambapo hukumu ilitengana na mzigo.

Huku kwetu hayo yakitendeka, Ulaya na Marekani zilikuwa na njia yao ya kumpima mtu. Marcel Proust, angali kijana, alijaza katika kitabu cha rafiki yake maswali ya wema aupendao na kosa alisamehelo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Robert Woodworth alitunga kwa ajili ya jeshi la Marekani orodha ya maswali ya ndiyo na siyo ya kuwabagua askari watakaoshindwa na hofu. Kisha Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, wakiegemea kitabu alichokitoa Carl Jung mwaka 1921, wakaunda kipimo kinachomwuliza mtu mambo manne yenye pande mbili mbili, na kumtia katika moja ya tabia 16. Kumi na sita! Sisemi kwamba mama yule na bintiye walipata habari ya ramli. Hesabu ya mbili mara mbili mara mbili mara mbili haina mwenyewe. Lakini kijana wa Mwananyamala anayeandika juu ya jina lake zile herufi nne za kizungu ana umbo lenye mistari minne ya witiri na shufwa, na babu yake angelitambua mara moja.

Wala uhusiano hauishii kwenye hesabu. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa Marekani, Bertram Forer, aliwapima wanafunzi wake 39, akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake kwa siri, na kuwataka wayape alama kutoka sifuri hadi tano kwa kadiri yalivyowalenga. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maandishi yaleyale, ambayo Forer aliyaokota zaidi katika kitabu cha unajimu kilichouzwa vibandani. Mganga mzee angecheka, kwa maana jambo hilo alilijua bila ya wanafunzi.

Kwizi za kumlinganisha mtu na mwanafalsafa zilitangulia simu za mkononi; zilikuwako tangu mwanzo wa karne hii, wakati Dar es Salaam ilipokuwa na migahawa ya intaneti inayotoza kwa dakika, na hakuna aliyekuwa tayari kununua dakika ili aulizwe habari za Plato. Mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa Julai 2009, bei ikashuka, simu za tachi zikafika mikononi mwa konda na muuza chipsi, na kufikia 2014, ambapo ulimwengu mzima ulishikwa na homa ya kujipima, watu wa Temeke walikuwa wanajipima wakati mmoja na wa Toronto. Swali lipendwalo zaidi ni lile lililotungwa na Philippa Foot mwaka 1967, la gari la reli lililokosa kizuizi, ambalo dereva akiliacha litaua watano na akiligeuza litaua mmoja. Kijana wa Magomeni ambaye hajapata kuiona tramu huliweka swali hilo katika basi la mwendokasi linaloteremka Barabara ya Morogoro, na hapo hujibu kwa uzito ambao mwanafunzi wa Oxford huenda hana, maana barabara hiyo ameivuka asubuhi.

Kosa la kwizi hizi si kwamba zinauliza vibaya. Mengi ya maswali yake ni mazuri, na nimewasikia vijana wakibishana juu ya ahadi na uongo kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kubishana darasani. Kosa liko katika orodha ya majibu. Hutoka Athens ikapita Königsberg ikaishia Paris, na mwenye kujibu, awe amesema nini, lazima awe mali ya mmoja wao. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alifanya kinyume cha jambo hilo: alichukua maswali ya falsafa akayapeleka vijijini kwa wazee wenye hekima, bila kuwapima kama wanafanana na Plato, akasikiliza wao wanasemaje, akawatenga wale waliokariri mila na wale walioihoji mila kwa akili zao, na kuyachapisha mazungumzo hayo mwaka 1990. Nasi tuna mfano wa karibu zaidi. Nyerere alipokuwa Makerere katika miaka ya 1940 aliandika insha juu ya hali ya wanawake, akizichukua hoja za John Stuart Mill na kuzipima katika jamii za kikabila alizozijua mwenyewe. Simu ingemwandikia kwamba yeye ni Mill kwa sehemu tisini katika mia, ikamaliza, na lile la maana zaidi, yaani mwanafunzi wa Butiama alimfanyia nini Mill, lisingekuwa na mahali pa kuandikwa.

Tulibakiza habari ya mzigo. Maalimu alilipwa fedha, kuku au kitambaa, na mteja alijua ametoa nini. Kwizi husema ni ya bure. Mwaka 2014 watu wapatao 270,000, wengi wao Wamarekani, walijibu maswali ya tabia zao katika programu iliyounganishwa na Facebook, nayo ikachukua habari zao na za marafiki zao ambao hawakuulizwa lolote, mpaka zikafika za watu milioni 87 kwa makisio ya Facebook yenyewe. Habari hizo zikaishia kwa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ambayo mmoja wa wakuu wake alinaswa na kamera ya siri, siri ilipofichuka Machi 2018, akijitapa kwa kazi waliyoifanya katika uchaguzi wa Kenya wa 2013 na wa 2017. Jina la mama, ambalo mpimaji wa Magomeni alilihitaji kwa hesabu ya abjadi na kulisahau mteja alipotoka, sasa lilikuwa limepata mnunuzi.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume ikaundwa ya kuisimamia. Kwa hiyo mpimaji wa Dar es Salaam ametungiwa sheria mara mbili: ya 1928, iliyomwogopa kwa kuwa anadai kuyajua mambo yaliyofichika, na hii, inayomwogopa kwa kuwa anayajua kweli. Chini ya ile ya kwanza baraza za Keko hazikufungwa. Na chini ya hii ya pili, kijana wa Mbagala, kabla hajaambiwa kama yeye ni Socrates au ni Marx, hugusa neno “nakubali” lililoandikwa chini ya kurasa ambazo hajazisoma, halafu huwapelekea wenziwe watano ili nao wapimwe.